Daktari Aliyemsahau Mjomba

Asubuhi ya siku ya upasuaji Daktari hakumpa mtu mkono. Ungemkuta njiani kuelekea hospitali, ungemnyoshea mkono kama ilivyo desturi, naye angekunja mikono yake kifuani, ainamishe kichwa na kukusalimu kwa maneno matupu. Watu wa mjini Mtwara, ambao kwao salamu ni jambo zito, walimwona ana majivuno. Mimi pia nilimwona hivyo kwa muda mrefu, mpaka aliponieleza mwenyewe kwamba kiganja kilichobanwa na mpagazi wa bandarini hutetemeka saa nzima, na saa hiyo si yake, ni ya mgonjwa.

Siku ya kuamkia upasuaji hakubeba ndoo, hakujaza upepo baiskeli, hakushika nyundo. Kahawa, ambayo watu wa kwao Bukoba huitafuna tangu wangali watoto, hakuigusa. Mikono ile aliitunza kama mimi nilivyoyatunza makali ya randa yangu, na kwa jambo hilo nilianza kumheshimu kabla sijampenda.

Mimi ni seremala na sikusoma. Haya anayaandika mjukuu wangu, nami nimemwagiza aandike nisemavyo, asipambe. Daktari huyo alizaliwa lini na nani walikuwa wazee wake, sitaeleza, kwa kuwa sikuwapo. Jina lake sitalitaja pia. Madaktari walikuwa kadhaa mjini, lakini sisi tuliposema Daktari tulimkusudia yeye, na kila mtu alielewa.

Kazi yake ilikuwa ya mirija ya uzazi. Ndani ya mwanamke imo mirija miwili myembamba, ambamo yai hupita. Ikiziba kwa maradhi, mtoto hapatikani. Kabla yake, mwanamke wa huku kusini aliyeambiwa mirija imeziba alirudi nyumbani na neno hilo, nalo likawa jina lake mpaka uzeeni. Miaka ya tisini ilipoanza, alikuja mtu huyu akasema kilichoziba chaweza kukatwa, na ncha mbili zilizobaki zaweza kushonwa pamoja, chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wengi walidhani anatania.

Nilimfahamu kwa sababu ya meza. Alikuja karakana kwangu, akasimama kati ya vumbi la mbao na kusema, “Fundi, nataka meza ambayo nikiweka juu yake bilauri ya maji iliyojaa pomoni, kisha treni ipite nje, maji yasitikisike.”

Nikamwambia, “Daktari, Mtwara hakuna treni. Reli iling'olewa zamani.”

“Ndiyo maana nimekuja Mtwara,” akajibu, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Sipendi mtu anayecheka kabla ya kazi kuanza. Nilipima kwa kamba yangu yenye mafundo, nikamtengenezea meza ya mninga yenye miguu minene, na maegemeo mawili ya kulaza mikono ya mpasuaji ili mabega yasichoke. Maegemeo aliyarudisha. Nikayarekebisha, akayarudisha tena. Mara ya tatu alisema la kushoto limezidi la kulia kwa unene wa ukucha. Nikamwambia atafute seremala mwingine, maana mimi mtu hanifundishi kupima.

Hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa miwani yake yenye vioo virefu vilivyochomoza mbele kama vizibo vya chupa, akanivisha, akaniambia nitazame kidole changu. Niliona shamba lililolimwa matuta. Kisha akaweka juu ya kidole kitu ambacho kwa macho yangu sikukiona. Chini ya vioo vile ulikuwa uzi, mweusi, umenyooka, umefungwa kwenye sindano iliyopinda. “Sasa egemeza mikono, uujaribu,” akasema. Nikaegemeza. Egemeo la kushoto lilikuwa limezidi. Nililichukua nikaliranda mbele yake, na tangu siku hiyo tukawa marafiki, ijapokuwa hatukuwahi kuliita jambo hilo kwa jina hilo.

Alijifundisha kwa kuku. Kila wiki mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule, alinunua sokoni kuku watagao, na kabla nyama haijafika jikoni, Daktari alitoa mrija wa mayai, akaukata na kuushona juu ya ubao niliomchongea, akaukata tena na kuushona tena. Siku moja mkewe alipita karakana akiwa na kikapu.

“Shemeji,” akaniambia, “mwambie rafiki yako kuku wale wamekwisha kufa. Hawatapona.”

Watoto wao walikula kuku mpaka wakaomba dagaa.

Watoto hao walikuwa sita, na hapo ndipo palipokuwa na kioja chake kikubwa. Mtu huyu ambaye aliwatafutia wengine watoto kwa subira isiyo na mwisho hakuweza kuvumilia kelele za wa kwake hata nusu saa. Aliwaita kwa majina ya wenzao, kisha akakasirika wasipoitika. Jumamosi alizikimbia kelele, akaja kukaa kwangu kusoma magazeti yake ya kidaktari katikati ya misumeno na nyundo, akisema hapa pana utulivu. Tena aliyeshona kisichoonekana alishindwa kushona kifungo cha shati. Na gari lake hakuweza kulirudisha nyuma. Akiegesha mahali pabaya, alingoja mwenye gari la mbele aondoke, au alituita tulisukume.

Alikuwa na maneno yake, na wanaume wa mjini waliyaogopa. La kwanza lilikuwa hili: “Kipimo cha mwanamume ni siku moja. Kidonda cha mwanamke ni wiki sita. Tuanze na kilicho rahisi.” Hakumgusa mwanamke yeyote kwa kisu kabla mume hajapimwa. Walikuja wanaume waliokwisha kuwaacha wake wawili kwa ugumba, wakaondoka wamefura.

Mmoja wao, mtu mwenye sauti kubwa na heshima zake bandarini, alimleta mke wa tatu. Daktari akamwambia aanze yeye.

“Mimi?” yule mtu akauliza. “Mimi nimeoa wake watatu!”

“Naona,” Daktari akasema. “Na wote watatu wamekwisha kupimwa na wewe. Sasa ni zamu yako.”

Alipimwa, ikaonekana njia ndogo za kwake ndizo zilizoziba, kwa ugonjwa wa zamani aliouficha. Daktari alimshona kama alivyowashona wanawake, kwa uzi uleule. Alipotoka wodini alimwomba jambo moja: cheti kiandikwe kwamba alilazwa kwa malaria. Daktari alikataa kuandika uongo, akakataa pia kumwaibisha, akaandika neno moja tu: “Amepona.” Mwaka uliofuata mke wa tatu alizaa mapacha, na yule mtu akawa anawashika wenzake mashati bandarini akiwahimiza wakapimwe.

Neno lake la pili lilikuwa “sijui”. Sijapata kumsikia msomi mwingine akilitamka mara nyingi kiasi hicho. Mwanamke alipomuuliza kama atapata mtoto, alijibu, “Sijui, mama. Mimi ni fundi wa barabara. Nafungua njia, gari si langu.” Na kwa kweli wengi hawakupata. Hao hakuwakimbia. Mikindani alikuwapo mama mmoja muuza vitumbua ambaye Daktari alimpasua na hakufaulu, naye kila alipopita upande ule alishuka kumjulia hali kwa uso wa mtu aliyefiwa. Mara moja nilikuwa naye, nikamsikia yule mama akimpa lake.

“Daktari, ukija na uso huo tena sikuuzii. Nimemchukua mtoto wa mdogo wangu, ananisumbua kuliko hao sita wako. Unataka vitumbua au unataka kulia?”

“Vitumbua,” akasema Daktari, akala vinne papo hapo.

Sasa nitaeleza kosa lake, na baada yake langu, ambalo ni baya zaidi.

Kwetu sisi Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama. Wanangu niliowazaa ni wa ukoo wa mama yao, na wasemaji wao ni wajomba zao. Mimi ni msemaji wa watoto wa dada yangu. Dada yangu huyo, akaaye Mpapura, alizaa mara moja tu, msichana. Huyo ndiye mpwa wangu wa pekee. Aliolewa na mtu wa Nanyamba, mkulima wa korosho, mtu mwema. Mwaka wa tisa ukapita bila mtoto. Mume akapimwa, akaonekana mzima. Picha ya mpwa wangu ikaonyesha mirija yote miwili imeziba. Msomaji aelewe uzito wake: yeye asipozaa, nyumba ya mama yetu inafungwa. Mimi hata ningekuwa na wana ishirini, nisingeweza kuifungua.

Daktari alimkubali. Uzi wake ulitoka ng'ambo, kwa pakiti chache, na ulikuwa umebaki wa mtu mmoja. Akataka idhini ya wazee kama alivyofanya siku zote. Akaandika barua, akaipeleka Nanyamba, kwa baba mkwe.

Mimi nilikwenda hospitali siku moja kabla ya upasuaji, kukaza miguu ya meza ileile. Muuguzi aliniona akafurahi.

“Mjomba, mambo tayari. Wazee wamekubali, kesho anaingia.”

“Wazee gani?”

“Baba mkwe na ndugu zake watatu. Walikuja juzi na kanzu zao, wakakaa ofisini kwa Daktari, wakanywa soda.”

Niliweka bisibisi chini. Watu wa ukoo mwingine wamekaa, wamekunywa soda, wamekubali tumbo la nyumba ya mama yangu likatwe, na mimi niko mwendo wa dakika kumi, naranda mbao! Nilikwenda wodini, nikasimama miguuni pa kitanda cha mpwa wangu, nikamwambia, “Simama, ufunge kanga yako, tunakwenda.”

Akanitazama. “Mjomba, ni kesho tu.”

“Nimesema simama.”

Alisimama. Alilia njia nzima mpaka Mpapura, bila sauti, nami nikaona nimefanya kazi ya mjomba. Kesho yake uzi ule ukatumika kwa mwanamke mwingine, kutoka vijiji vya Mnazi Bay.

Daktari alikuja karakana amekasirika, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

“Fundi, umenichukulia mgonjwa wangu.”

“Nimemchukua mwanangu.”

“Ni mpwa wako.”

“Ndivyo nilivyosema.”

“Kwetu nikimwita baba mkwe nimeuita ukoo mzima!”

“Kwetu umewaita wageni.”

Hapo akajitupa kwenye ubao uliokuwa nyuma yake ili afikiri vizuri. Ubao huo nilikuwa nimeupaka gundi muda uleule. Alipotaka kusimama, suruali ilikataa. Basi akabaki, apende asipende, nami nikamweleza tangu mwanzo: nani ni wa nani, nani humsemea nani, na kwa nini kimya changu hakikuwa idhini. Alisikiliza yote. Mwisho akauliza, “Miaka mitano nakaa hapa. Kwa nini hakuna aliyeniambia?”

“Kwa nini hukuuliza?”

Akaanza kucheka, ubao ukicheza naye, na mara hii, Mungu anisamehe, nilicheka pia. Suruali tuliikata.

Juma lililofuata tulikwenda Mpapura kwa gari lake ili aombe radhi kwa dada yangu. Alivua viatu, akakaa mkekani, akaanza kueleza kosa lake kwa Kiswahili kirefu. Dada yangu alikuwa akibangua korosho na hakuinua kichwa. Daktari alipomaliza, nami nikasafisha koo kuongeza langu, dada yangu alisema, “Mmoja aliwaita wasiohusika. Mwingine amemtoa anayehusika. Mwenye tumbo mmemuuliza lini?”

Tukatazamana kama wezi. Mpwa wangu alikuwa mlangoni, ameshika nguzo. Sikuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume, lakini siku ile alisema.

“Shikamooni wazee wangu. Mimi nimechoka kungoja heshima zenu. Uzi ukija, mniambie siku. Nitakwenda kwa miguu yangu.”

Daktari akatoa kalamu, akaandika kwenye karatasi. Kuanzia hapo ikawa desturi yake, na wauguzi walioshika kazi baada yake waliifuata: kwanza alimuuliza mwanamke mwenyewe, faraghani, anataka nini. Kisha akamuuliza, “Kwenu msemaji ni nani?” Jibu likaandikwa juu kabisa ya faili, liwe baba, mume, mjomba au bibi.

Uzi ulichelewa miezi saba. Kila mwezi wa ile saba niliuhesabu kama kosa langu, nikakata mbao vibaya, nikawagombeza wanafunzi bila sababu. Mpwa wangu hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko lawama.

Siku ilipofika, tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji: mimi, dada yangu, mume na yule baba mkwe. Mimi na baba mkwe hatukusemezana mpaka jua lilipokaribia utosini. Kisha akanyosha mkono, akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Nikaupokea. Ulikuwa mtamu.

Daktari alitoka shati limeloa mgongoni. Alikuja moja kwa moja kwangu na kuninyoshea mkono. “Ubane, Fundi,” akasema, “sasa yaruhusiwa.” Nikaubana kwa nguvu. “Njia zimefunguka zote mbili. La zaidi sijui.”

Mwaka mzima ulipita, na miezi kadhaa juu yake. Nilizuia mtu yeyote asimuulize mpwa wangu kitu. Kisha dada yangu akaniletea habari kwamba binti hataki tena kusikia harufu ya samaki. Nikamwambia labda samaki walikuwa wabovu. “Wewe,” dada yangu akasema, “endelea na mbao zako.”

Siku ya kujifungua Daktari alikuja mwenyewe kunipa habari, akashuka garini akiwa na sura ya mtu anayeleta nusu ya mzigo. “Fundi, wote salama. Ni msichana. Usijali, wa kiume atafuata.”

Nilimtazama mtu huyu mwenye elimu yote ile. “Daktari,” nikamwambia, “pamoja na ile gundi, bado hujaelewa?” Kisha nikakaa chini, kwenye mchanga. Msichana! Hakuna mtoto mwingine ambaye angeweza kuifungua nyumba ya mama yetu. Daktari alipiga paji la uso kwa kiganja, akarudi kwenye gari, akapiga honi mpaka majirani wakatoka, na gari lilipogoma kurudi nyuma tulilisukuma kwa vigelegele.

Baadaye alistaafu, akarudi kwao. Miaka ikapita. Umeme wa gesi ya Mnazi Bay ulikuwa umekwisha kuwaka mjini pale msichana alipofikia kuchezwa unyago. Nilituma ujumbe Bukoba bila matumaini. Alikuja. Alivuka nchi kwa mabasi mpaka Mpapura, mzee mwenye mkongojo, amevimba miguu, akalalamikia barabara kabla hajasalimu.

Siku ya mwali kutolewa nje, uwanja wa dada yangu ulijaa. Ngoma zililia, akina mama waliimba, na mwali akatolewa amefunikwa kanga mpya, akaketishwa mkekani, akafunuliwa. Kwa desturi, mjomba husimama na kumwambia mwali watu wake ni nani. Mimi kwake ni mjomba wa mama yake, na ndimi mkubwa niliyebaki, hivyo nilisimama. Nilimtajia mama yake, na mama wa mama yake, na mama yetu. Hapo nilipaswa kuketi. Sikuketi.

“Kuna jambo hujaambiwa,” nikasema, na ngoma zikanyamaza. “Mama yako alikuwa amekwisha kulazwa ili afunguliwe njia yako. Mimi, mjomba wake, nilimtoa kitandani kwa mdomo wangu, kwa sababu sikualikwa. Nilikuwa radhi nyumba hii ifungwe kuliko nipitwe. Mzee huyu mgeni ndiye aliyekuja kuomba radhi, na kosa kubwa lilikuwa langu. Sijapata kulisema. Leo nimelisema mbele yako na mbele yake. Daktari, asante.”

Mpwa wangu alifunika uso kwa kanga. Kisha nyuma yangu nikasikia mkongojo ukigonga chini, na sauti ya Daktari, kubwa kama ya mtu asiyesikia vizuri:

“Na meza aliitengeneza yeye! Hiyo mbona haisemi? Semeni na hiyo!”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Ngoma zikaanza tena, na mume wa mpwa wangu akambeba Daktari nusu-nusu mpaka kwenye mkeka wetu.

Mwali alinyanyuka, akaja kwetu kama alivyofundishwa, akapiga magoti mbele yetu sisi wawili, akainamisha kichwa. “Shikamooni,” akasema.

Kuitikia kwanza ni haki ya mjomba. Daktari aliwahi. “Marahaba, mwanangu! Marahaba!” akaitikia kwa sauti ile ya kiziwi, bila kunitazama, bila kungoja.

Nami nikamwacha.